Ukilia, Naanza Moja

6 Januari

Shikamoo Mjomba,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba baridi ya huko haijakufungia ndani. Huku kwa jumla hatujambo. Mume wangu bado anafundisha hesabu na bado anasahau tarehe niliyozaliwa. Mjukuu wako ametimiza miaka sita. Jino la mbele limemtoka, na sasa akicheka huziba mdomo kwa mkono kama bibi harusi. Picha yake nimeiweka humu.

Nakuandikia kwa kuwa wewe na simu hampatani. Mara ya mwisho tuliambiana "haloo" mara nane, kisha tukakata.

Habari yenyewe ni ya Mama. Lile kovu lake la moto kwenye muundi limefunguka. Alijikuna tu, pakawa na mchubuko, mchubuko ukawa kidonda, na sasa kina upana wa kiganja changu. Daktari wa upasuaji anasema kisafishwe hasa, nyama iliyokufa itolewe, kisha kibandikwe ngozi ya pajani. Kikiachwa, mguu utakatwa. Kwao si kazi ngumu. Kigumu ni Mama. Hataki paguswe. Nesi akisogeza tu beseni la vifaa, yeye anavuta shuka mpaka kidevuni, na mara mbili ameshuka kitandani akaondoka na kandambili mkononi. Mtu wa miaka sitini na minne! Nikimsema ananijibu, "Mguu wangu huu, si wa serikali."

Mjomba, wewe ulikuwa dresa, mfunga vidonda wa zahanati. Mwenyewe anasema ndiwe uliyemuuguza alipomwagikiwa na gundi ya moto ya Babu, akiwa na miaka tisa. Zaidi ya hapo hasemi. Nakuomba umwandikie maneno mawili. Hana mkubwa mwingine aliyebaki, na neno la kaka huingia pale ambapo langu linateleza.

La pili ni jepesi. Maabara ninayofanyia kazi inashiriki utafiti: kwa nini jeraha lile lile humtesa huyu na yule linamwasha tu. Wanatafuta familia nzimanzima. Wanasugua kijiti cha pamba ndani ya shavu, wanasoma jeni, yaani yale maelekezo ya mwili tunayorithi kwa wazazi, kisha unatumbukiza mkono kwenye maji ya barafu waone utastahimili muda gani. Mimi nilifika sekunde arobaini. Mjukuu wako alijipenyeza kwenye foleni, akafika tisa, akatukana. Mama alikubali kwa kubembelezwa: sekunde nne. Nimekuwekea kijiti chako, bahasha ya kukirudishia na karatasi ya maswali. Kwa barafu tumia ndoo na saa. Mwisho ni dakika tatu.

Mpwa wako akupendaye

29 Januari

Mpwa wangu,

Marahaba, na nyingine ya akiba. Picha nimeiegemeza kwenye taa, na kila nikiinua macho kitabuni naliona pengo lile. Mwambie nami ninayo mapengo, tena mengi kuliko yeye.

Mimi ni mzima, ila mkono wa kushoto umefungwa bandeji. Juzi nilikuwa nasoma nimeegemea bomba la kupashia chumba joto, hapa chini ya dirisha. Nikasikia harufu ya kitu kinaungua. Nikaenda kuangalia jiko, jiko limezimwa. Kumbe ni mimi. Jirani yangu, fundi saa mstaafu, alipouona mkono akasema, "Mzee, wewe ulizaliwa au ulichongwa?" Tulicheka sana. Yeye huchomwa na kikombe cha chai akaruka.

Kijiti nimekirudisha. Ndoo yenu nayo nimeifanya. Nilitumbukiza mkono wa kulia na kufungua gazeti kwa ule wa bandeji. Dakika tatu zikapita sina habari. Nilikumbuka kwenye ya kumi na moja. Andika tatu, wasije wakaniita mwongo.

Hilo halitawashangaza waliomjua babu yako. Alikuwa mshona viatu, nasi kila mmoja alipotimiza miaka saba alipimwa kabla ya kupewa kigoda cha kukalia kwenye benchi la kazi. Unaweka kiganja juu ya ubao, naye anakuchoma dole gumba kwa msharasi, ile sindano yake nene ya kutobolea ngozi. Asiyeshtuka hupewa kigoda. Mimi nilicheka. Baba akasema, "Huyu ni jiwe," na Jiwe nikawa mpaka nilipoondoka. Mama yako alipiga yowe lililowatoa majirani nje. Hakupewa kigoda. Akaitwa Yai, na watu wakapata la kusema: jiwe na yai haviwekwi kapu moja.

Basi mwambie ajikaze. Maumivu ni kama mgeni asiye na haya, ukimwonyesha unamsikiliza anaomba na chakula cha jioni. Afumbe macho, ahesabu yake, waoshe, yaishe. Ndivyo tulivyolelewa.

Habari za Yai usimsomee.

Mjomba wako

20 Februari

Shikamoo Mjomba,

Pole kwa mkono. Usitumie mafuta wala dawa ya meno, nenda ukaonwe. Huku mvua zimeanza na paa la jikoni limetukumbusha ahadi tulizoliwekea mwaka jana.

Barua yako nilimsomea Mama nikiruka ulipotaka niruke. Nilipofika kwenye "ajikaze" akanizuia.

"Kaandika hivyo?"

"Ndiyo."

"Kwa mkono wake?"

Nikamwonyesha. Akautazama mwandiko wako muda mrefu, kisha akageukia ukutani. Nilidhani usingizi umemchukua.

Kesho yake walijaribu tena kubadilisha bandeji, nami nikiwapo. Kuna jambo nataka nikuulize. Nesi alipoanza tu, Mama akaanza kuhesabu. Si kwa sauti, midomo tu ilicheza. Nilifurahi, nikasema neno la Mjomba limeingia. Akafika thelathini na kitu, akaguna, na pale pale akarudi moja. Akafika kumi na mbili, akaguna, akarudi moja. Hakuna aliyemwambia. Mara ya nne akamsukuma nesi na beseni likaanguka. Nesi ni mtu mzima, ameona mengi, akaniuliza nje ya mlango, "Huyu mama alifungwa jela?"

Nilimuuliza Mama. Akasema, "Ni mazoea tu."

Daktari naye ana swali. Anataka kujua kovu lilipokuwa bichi lilitibiwaje, na kama Mama alipewa dawa ya maumivu wakati ule na ilimkubali. Nimemwambia mwenye kujua yupo, na ana kumbukumbu kama kitabu.

Mpwa wako

15 Aprili

Mpwa wangu,

Samahani kwa kuchelewa. Posta ya hapa ilikuwa na mgogoro wa wafanyakazi, kisha nilikuwa na mafua.

Theluji imeyeyuka. Mkono umepona, umebaki na alama yenye umbo la kijiko. Fundi saa amehamia kwa binti yake, na chumba chake amepangishwa mpiga filimbi anayejua wimbo mmoja. Nimesoma kitabu kinene cha historia ya chumvi, nami sasa naitazama chumvi mezani kwa heshima. Mwambie mumeo tarehe yako ni ya tisa, mwezi wa nane. Nilikuwa huku ulipozaliwa, lakini niliandikiwa.

Kuhusu paa, zibeni viungo kwa lami kwanza kabla hamjabadilisha bati.

Kuhusu mambo ya dawa, ni zamani mno. Daktari afuate vipimo vyake.

Mjomba wako

9 Mei

Shikamoo Mjomba,

Karatasi nzima, na Mama kapewa mstari mmoja. Nitakujibu habari ya paa siku nyingine.

Majibu ya utafiti yametoka. Tulikubali kuambiwa yetu, kwa hiyo mtafiti alinikalisha akanieleza taratibu, nami nakueleza alivyonieleza. Kwenye mishipa ya fahamu kuna vijilango vidogo mno vinavyopitisha chumvi. Vikifunguka, ndipo habari ya kuumia inasafiri kwenda ubongoni. Jeni ndiyo maelekezo ya kuvitengeneza. Vya kwako vina bawaba nzito, mpaka mtu avisukume kwa bega. Vya Mama vinafunguka kwa upepo. Mjukuu wako amechukua kwa bibi yake, mimi niko katikati. Kisha zipo jeni nyingine nyingi, kila moja inasukuma kidogo, huku au kule, na kwa Mama karibu zote zimesukuma upande mmoja.

Maana yake, Mjomba, maji yale ya barafu yalipokuwa yanakupa wewe muda wa kusoma gazeti, yeye kwa sekunde nne alikuwa anaungua. Hakuwa anadeka. Hakuwahi kudeka.

Nimeona haya. Miaka kumi na minane natoa watu damu nikiwaambia, "Ni kama mbu tu." Na wiki iliyopita tu nilimfinya mwanangu kwa kulia nilipomkata kucha.

Daktari amesema mwisho ni Julai. Ikipita Julai, hatazungumzia tena ngozi, atazungumzia msumeno. Wewe nimekuandikia, Mama nimemsemesha kwa mdomo wangu, na nyote wawili mnanigeukia ukutani.

Mpwa wako

27 Mei

Mpwa wangu mpenzi,

Hujui umenipunguzia mzigo gani. Nimeisoma barua yako nimesimama, na kanzu ya kulalia bado mwilini saa nne asubuhi.

Basi ni damu! Yeye alizaliwa na milango wazi, mimi na milango mizito, na hakuna aliyechagua. Nani amlaumu nani? Hata Baba na msharasi wake hakujua kitu, maskini. Laiti tungezaliwa katika zama zenye vipimo. Mweleze mama yako hivyo hivyo, atapumua kama nilivyopumua mimi.

Mjomba wako

14 Juni

Mjomba,

Nilimweleza. Hakupumua. Alisema, "Damu haina mikono."

Nikarudi kwa mtafiti. Akaniambia jeni zinaeleza karibu nusu tu, na kwa wengine chini ya hapo. Inayobaki ni maisha: uoga, usingizi, na hasa yale yaliyompata mtu akiwa mdogo. Mtoto akiumizwa mara nyingi bila dawa, mishipa hujifunza. Mlango uliokuwa mwepesi huachwa wazi, na haufungwi tena vizuri.

Nakuuliza kwa heshima zote za mpwa kwa mjomba. Nani alimfundisha Mama kuhesabu?

2 Julai

Mpwa wangu,

Salamu za leo ziwe fupi. Barua hii nimeianza mara tano. Naituma kwa posta ya haraka. Ukiipata, msomee mama yako yote. Safari hii usiruke hata neno.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na miezi mitatu kazini. Koti langu jeupe lilinizidi mabega. Mkuu wa zahanati alinikabidhi chupa ya dawa ya maumivu, akasema, "Nusu saa kabla hujamwosha, kijiko kimoja." Mkuu yule alikuwa mtu wa maneno machache na sikumsikia akikosea. Chupa niliiweka juu ya kabati, nyuma ya kopo la misumari ya Baba. Mama yetu, bibi yako, aliniuliza kila asubuhi, "Umempa?" Nikasema, "Nimempa." Nikasema hivyo kwa wiki sita. Mwisho nikaimwaga nyuma ya nyumba ili asiwepo wa kuona kwamba imejaa.

Sikumchukia mama yako. Nilimpenda kuliko wote, na hilo ndilo linalonitia aibu zaidi, kwa kuwa chuki ingekuwa sababu. Niliamini anadeka. Nilidhani nayajua maumivu kwa sababu na mimi nilikuwa na mwili. Kwangu yalikuwa kitu kidogo ambacho mtu hukikatia shauri kikaisha. Nikaupima mguu wake kwa mguu wangu. Na Baba alikuwa amekaa mlangoni na kiatu mapajani, akitazama dresa wake anavyofanya kazi, nami nilitaka aone kwamba nitamgeuza Yai kuwa jiwe.

Nikamwambia, "Hesabu mpaka mia kimya kimya, na mimi nahesabu kwa sauti. Ukilia, naanza moja." Bandeji ilikuwa imegandamana na nyama. Kila alipolia nilisimama, nikairudisha sehemu niliyokwisha kuibandua, nikaikandamiza kwa kiganja, nikasema, "Moja." Mama alimshika miguu akitazama pembeni. Asubuhi nyingine ilichukua saa nzima, kazi ya dakika kumi.

Siku moja alifika tisini na sita. Nadhani nzi alimtua, sijui. Akaguna. Nami nikasema moja. Uso aliouonyesha pale nimeuona katika kila nyumba niliyolala tangu siku hiyo, na nimelala katika nyingi.

Watu wa huku wakiniuliza kwa nini sikurudi nyumbani hata kutembea, nasema mipaka ilifungwa. Mipaka ilifunguliwa miaka ishirini na saba iliyopita. Kisha nikasema kazi, kisha magoti. Mpwa wangu, magoti yangu hayajawahi kuniuma.

Ulipoandika habari ya midomo yake kucheza, nilielewa kabla sijamaliza mstari. Ndiyo maana hukupata jibu. Hapakuwa na mgogoro wowote posta. Ulipoleta habari za jeni nilizishika kama mtu anayezama ashikavyo hata upepo. Sasa naona zimeniongezea kosa. Kumbe maisha yangu yote nimevaa sifa ya kuazima. Jasiri ni anayesikia maumivu akakaa palepale. Mimi sikukaa mbele ya kitu chochote, hakikuwepo. Katika nyumba yetu jasiri alikuwa mmoja, ana miaka tisa, naye tukamnyima kigoda.

Simwombi msamaha. Anayeomba husubiri kupewa, na sitaki asubiriwe tena na mimi. Ninalotaka ni hili. Chukua karatasi hii kwa daktari. Mwambie yule aliyekuwa dresa anathibitisha: huyu mama hakupewa dawa hata siku moja. Hadeki. Anasikia kuliko wao, na asemapo inauma, inauma. Wamlaze usingizi kabisa kabla hawajamgusa, na akiamka apewe kinachomtosha yeye, si kinachomtosha mtu wa vitabuni. Na akilia, pasiwe na mtu wa kusimama na kumtazama.

Sina uso wa kumsalimia. Msalimie wewe.

Jiwe

19 Agosti

Shikamoo Mjomba,

Sisi ni wazima, na paa halivuji. Nimeanza na hayo kwa sababu mengine ni mazito kuyaanza.

Nilimsomea yote. Nilipofika kwenye kopo la misumari, Mama aliniambia toka nje, na uache karatasi. Hawezi kusoma vizuri bila miwani, na miwani ilikuwa kwangu. Nilisimama nje mpaka chai ikapoa. Aliponiita nilimsomea iliyobaki mpaka mwisho, kisha akasema tu, "Kamwite daktari wako. Nenda na hiyo barua, nisije nikajieleza mimi."

Daktari aliisoma amesimama, kisha akakaa. Walimlaza tarehe ishirini na tisa Julai, siku mbili kabla ya mwisho. Ngozi imeshika. Mguu upo. Jana ametembea mpaka dirishani, akasema bustani ya hospitali inatunzwa na mvivu.

Mimi kazini nimeacha habari za mbu. Sasa nauliza, "Wewe sindano huwa unaisikiaje?" Foleni imerefuka, mkuu wangu ananuna. Na mwanangu namkata kucha baada ya kuoga, zikiwa laini.

Mama amenikalisha hapa niandike maneno yake. Ameniapisha nisiyatengeneze. Haya hapa.

*Kaka,*

*Barua nimesomewa. Ya nzi si kweli. Hapakuwa na nzi. Sikuguna siku ile. Nilikuwa nimekaribia mia, nikacheka. Nilikuangalia wewe ili ucheke na mimi. Ukasema moja. Kama unahesabu makosa yako, yahesabu vizuri.*

*Walinilaza sikusikia kitu. Nilipoamka nililia. Nililia sana, hata ya zamani nikayalia humo humo. Nesi akaniambia, "Lia, mama. Ukichoka utaniambia." Akakaa anakunja mashuka.*

*Kumbe mjukuu naye ni yai. Basi tuko wawili, tutapata kapu letu.*

*Umesema huombi. Vizuri. Lakini mimi nimeanza kuhesabu mwenyewe, kwa siku namba moja, na si kila siku. Mpaka jana nilikuwa kumi na saba. Usinihimize, na usiniulize nimefika ngapi. Nikifika mia mwanangu atakuandikia, nawe utajua la kufanya na hayo magoti yasiyouma.*

*Katikati hapo nitalia, najijua. Nikilia, naendelea palepale.*